Kabla ya Kupaka Dawa Kwenye Kidonda cha Mguu

Hotuba kwa waganga wa tiba asili, wauguzi wa zahanati na wananchi, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, mkoani Tanga

Ndugu mgeni rasmi, wazee wangu waganga na wakunga wa jadi, wauguzi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, ndugu wananchi. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie marhamu za mitishamba kwa vidonda vya miguu visivyopona, vile ambavyo mitaani tunaviita donda ndugu. Nashukuru kwamba mazungumzo haya yanafanyika hadharani. Tangu mwaka 2003 Afrika inaadhimisha tarehe 31 Agosti kuwa siku ya tiba yake ya asili. Hapa nchini tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, tuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na pale Muhimbili dawa za miti shamba zinachunguzwa tangu mwaka 1974. Kwa hiyo mganga anayechemsha marhamu yake leo hana sababu ya kujificha, na muuguzi anayepokea mguu uliopakwa marhamu ile hana sababu ya kufoka.

Mimi kazi yangu ni vidonda. Wagonjwa wanaokaa kwenye benchi langu asubuhi, wengi wao wamepita kwenu kwanza, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mganga yupo karibu, anamjua mgonjwa na ukoo wake, anapokea hata kuku pale pesa inapokosekana. Ninapofungua kitambaa nakuta majani yaliyopondwa, au mafuta ya nyonyo, au asali, mara nyingine majivu, mara nyingine unga wa kapsuli kutoka duka la dawa uliomwagwa juu ya hayo yote. Mgonjwa anainamisha kichwa akisubiri kugombezwa. Namwambia, mama, kaa vizuri, nieleze ulianza na nini ukafuatisha nini. Nataka kujua kweli, maana kila kilichopita juu ya kidonda kinanisaidia kuelewa kwa nini leo kiko hivi.

Halafu linakuja lile swali: "Nesi, sasa nipake nini?"

Swali hilo ndilo mnaloulizwa ninyi waganga, ndilo analoulizwa kijana wa duka la dawa, ndilo watu wanaloulizana msibani na ndani ya daladala. Na kila mtu ana jibu. Mmoja atasema mwarobaini, mwingine asali ya nyuki wadogo, wa tatu ana jirani yake aliyepona kwa utomvu wa mpapai. Mguu wenyewe hakuna aliyeuuliza. Ndugu zangu, ombi langu moja leo ni hili: kabla ya kupaka chochote, tujue ni kitu gani kinakizuia kidonda hiki kupona.

Mwili unajua kujifunga. Mkulima akijikata muundi kwa jembe, kidonda kikisafishwa na kufunikwa, wiki mbili tatu kimekwisha, upake shubiri usipake. Dawa nyingi zimejipatia sifa kwa vidonda ambavyo vingepona vyenyewe, na nasema hivyo hata kwa baadhi ya dawa zetu za hospitali. Lakini kidonda cha mguu kilichopita wiki sita bila dalili ya kufunga kina kitu kinachokishikilia. Vitu hivyo si vingi, na vingi vyake vinaanza kujulikana kwa macho, kwa vidole na kwa maswali machache ambayo mganga yeyote mzuri anaweza kuyauliza.

Cha kwanza ni damu isiyopanda. Damu ikishuka mguuni lazima irudi moyoni, na inapanda mlima. Ndani ya mishipa inayoirudisha kuna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu, na shavu la mguu likijikaza tunapotembea linaisukuma damu ipite. Vilango vikiharibika, kwa uzazi mwingi, kwa kazi ya kusimama kutwa, kwa unene, au kwa donge la damu lililowahi kuziba mshipa, damu inarudi chini na kutuama. Mguu unavimba jioni. Ngozi juu ya kifundo inakuwa nyeusi zaidi, inakakamaa, inawasha. Siku moja mgonjwa anajikuna, au anagongwa na kigoda, na hapo kidonda kinafunguka, mara nyingi upande wa ndani juu kidogo ya kifundo. Kinachuruza maji mpaka kinalowesha shuka. Kinakaa miaka.

Nimemhudumia mama lishe mmoja ambaye kidonda cha namna hii kilimkaa tangu mtoto wake wa mwisho anaanza darasa la kwanza mpaka anamaliza la saba. Alikuwa amepaka kila kitu ambacho mtu anaweza kupaka: shubiri, manjano, asali, marhamu ya bibi yake, krimu za dukani. Hakuna hata kimoja kilichokuwa sumu. Tulikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, tukakifunika kwa gozi yenye mafuta isigande, kisha tukaufunga mguu bandeji ya kubana kuanzia mwanzo wa vidole hadi chini ya goti. Tukamwambia atembee, na akikaa aweke miguu juu, na usiku ainue miguu ya kitanda kwa tofali upande wa chini. Akatazama bandeji, akanitazama mimi, akauliza: "Dawa iko wapi?" Nikamwambia, mama, dawa ndiyo hiyo bandeji. Kidonda kilianza kusinyaa, na baada ya miezi kikafunga. Marhamu ya bibi yake aliendelea kuipaka kwenye ngozi ya pembeni iliyokauka, nami sikumkataza, ilikuwa inamfaa.

Kupaka dawa kidonda cha namna hii huku mguu umevimba ni kama kupiga lipu ukuta ambao ndani yake bomba linavuja. Bandeji iliyofungwa vizuri inabana kiasi cha milimita 40 za zebaki, kipimo kile kile cha presha, pale kwenye kifundo na kulegea taratibu kuelekea goti, na mbano huo unafanya kazi ambayo vilango vimeshindwa kuifanya. Kwa ugonjwa huu, miongoni mwa vyote vilivyopimwa duniani, hakuna cha kupaka kilichowahi kuchukua nafasi ya kubana.

Ushahidi mmoja naupenda kwa sababu unahusu asali, ambayo sote tunaiheshimu. Mwaka 2008 watafiti wa New Zealand, nchi inayojivunia asali yake kuliko karibu nchi yoyote, walitoa matokeo ya watu 368 wenye vidonda vya aina hii. Wote walifungwa bandeji za kubana. Nusu wakawekewa vifunikio vyenye asali, nusu vifunikio vya kawaida. Baada ya wiki 12, waliopona kwa asali walikuwa takriban 56 kwa kila 100, na wale wengine 50. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba huenda ilitokana na bahati tu, na waliowekewa asali walilalamika maumivu zaidi. Lakini tazameni upande wa pili wa hesabu hiyo: karibu nusu ya watu walipona ndani ya miezi mitatu bila asali, kwa sababu mguu ulifungwa. Sisi tunao watu waliopaka miaka saba.

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi mtakaotoka hapa mkitamani kuanza kufunga watu bandeji. Kuna mguu ambao ukiubana unaua nyama. Hicho ndicho kizuizi cha pili: mguu ambao damu yake haishuki. Mishipa inayoleta damu imeziba, kwa sigara, kwa shinikizo la damu, kwa kisukari, kwa umri. Mgonjwa huyu anaumwa mguu usiku akilala, anapata nafuu akiuning'iniza kitandani. Akitembea hatua chache shavu la mguu linabana, akisimama linaachia. Vidole ni vya baridi, ngozi inang'aa, vinyweleo vimepukutika. Kidonda chake kiko kwenye ncha za vidole, kisigino, au mahali kiatu kinapogusa, na ni kikavu, kirefu kwenda chini, kinauma sana.

Wekeni vidole viwili juu ya wayo, katikati, tafuteni mapigo. Kisha tafuteni nyuma ya kifundo upande wa ndani. Mkiyapata kwa nguvu pande zote mbili, ni ishara njema. Msipoyapata, hakuna bandeji, hakuna marhamu, mgonjwa aende hospitali akapimwe. Na hata mkiyapata, kubana kwa mara ya kwanza kufanywe na aliyefundishwa, maana bandeji iliyokazwa juu kuliko chini inaongeza madhara. Kupapasa mapigo hakuhitaji umeme wala cheti, na kila aliyekaa hapa anaweza kujifunza leo kabla hajaondoka.

Cha tatu ni kisukari, na hiki ndicho kinachonikosesha usingizi.

Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu hasikii msumari, hasikii kaa la moto, hasikii kokoto ndani ya kiatu. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usiku wamelala, wasihisi. Wanaamka asubuhi wanaona damu kwenye shuka. Jamii inasema huyu karogwa, na mgonjwa mwenyewe anaamini, kwa sababu ni nani atakayetafunwa na panya asiamke? Hapo ndipo anapokuja kwa mganga, na mganga mwenye mashine ya kupima sukari, au mwenye akili ya kumpeleka kwa mwenye nayo, anaweza kuokoa mguu siku hiyo hiyo.

Kidonda cha unyayo kwa mtu wa kisukari hakiumi, na kutouma kwake ndiko kunakomdanganya mgonjwa. Anaendelea kukikanyaga. Kila hatua inaponda ile nyama changa iliyoota usiku. Marhamu iwe bora kiasi gani, haiwezi kushindana na uzito wa mtu mzima unaokanyaga juu yake kutwa. Dawa ya kwanza ni kuuondolea mguu mzigo, kwa kiatu maalumu au plasta ngumu inayotengenezwa hospitali, pamoja na kushusha sukari na kutibu uambukizo mapema. Wataalamu wa kimataifa wa mguu wa kisukari walipotoa mwongozo wao mwaka 2023 walisema wazi kwamba asali na vifunikio vya mitishamba visitumike kwa lengo la kuharakisha uponaji wa vidonda hivi, kwa kuwa ushahidi uliopo ni dhaifu. Nawaambia hivyo bila kuficha.

Na bila kuficha vilevile nawaambia kuna uchunguzi mmoja unaotupa moyo. Kampuni ya Taiwan ilitengeneza krimu kutokana na mimea miwili, mmoja wa jamii ya mnanaa wenye majani mazito, na mwingine ni Centella asiatica, mmea mdogo unaotambaa kwenye majani mabichi penye unyevu. Waliipima kwa wagonjwa 236 wa kisukari wenye vidonda vya miguu, wakatoa matokeo mwaka 2021. Katika wiki 16, waliopona kabisa kwa krimu walikuwa 60.7 kwa 100, na waliotumia kifunikio cha kawaida 35.1. Hayo si matokeo madogo. Lakini angalieni ilivyofanyika: mimea ilichujwa kwa kipimo, kila kopo lina nguvu ile ile, vidonda vilichaguliwa, visivyo na damu ya kutosha havikuingizwa, na kila mgonjwa alihudumiwa sukari na mguu wake. Mmea ulipewa nafasi ya kufanya kazi baada ya vizuizi kuondolewa.

Huyo Centella asiatica ana historia katika Bahari yetu ya Hindi, na nasikitika kwamba watoto wetu hawaijui. Wamadagaska wanamwita talapetraka, wamempaka kwenye vidonda tangu zamani, hata vya ukoma. Kuanzia miaka ya 1940 wanasayansi, miongoni mwao Mfaransa Pierre Boiteau na Mmadagaska Albert Rakoto Ratsimamanga, waliufuatilia mmea ule mpaka wakapata viini vyake, na kutokana navyo ikatoka marhamu ya Madécassol, ambayo mpaka leo inauzwa kwenye maduka ya dawa. Ratsimamanga akaanzisha taasisi ya utafiti jijini Antananarivo mwaka 1957. Jirani yetu kabisa, kutoka jani ambalo bibi alikuwa akilipondaponda. Walichoongeza ni kupima: kiasi gani, kwa kidonda kipi, kwa muda gani, na kina madhara gani. Ndicho ninachotaka kutoka kwetu.

Nitasema upesi juu ya vidonda vingine, kwa sababu hivi kazi yenu ni kuvitambua na kuvipeleka. Kuna ukoma, ambao haujaisha nchini: mgonjwa ana mabaka yasiyohisi na ganzi ya mikono au miguu. Kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inayotoa vidonda karibu na kifundo kwa vijana. Kuna kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda, kinachopatikana pia Kongo, kinachoanza kwa uvimbe usiouma na kula ngozi kwa chini kuliko kinavyoonekana juu. Kinatibiwa kwa vidonge vya viuavijasumu kwa wiki nane, na hakuna jani linalomfikia mdudu huyo. Na kuna kidonda cha miaka mingi, au kilichoota juu ya kovu la moto, ambacho kingo zake zinaanza kunyanyuka, nyama inaota kwenda nje, kinatoa damu kwa urahisi na harufu inabadilika. Hicho kinaweza kuwa kimegeuka saratani. Lazima kikatwe kipande kikapimwe. Kila mwezi unaopotea hapo unamgharimu mtu mguu au uhai.

Sasa tuje kwenye marhamu zenyewe, maana najua mnasubiri.

Marhamu nzuri inafanya nini? Jambo kubwa kabisa ni kukifanya kidonda kisikauke. Kwetu tunaambiwa kidonda kiachwe wazi kipigwe na jua. Mwaka 1962 mwanasayansi wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa majaribio ya nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kiliota ngozi karibu mara mbili kwa haraka kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya gaga. Ngozi mpya inatambaa juu ya unyevu. Juu ya gaga inabidi ichimbe njia chini yake. Bibi aliyepaka mafuta ya ufuta yaliyochanganywa na nta, kisha akafunika kwa jani laini la mgomba, alikuwa anafanya hicho hicho. Na jani la mgomba lisidharauliwe: India wamelitumia hospitalini kufunika vidonda vya moto, likiwa limeuliwa vijidudu kwanza, na likaonekana haligandi kwenye nyama, bei yake ikiwa karibu na bure.

Papai nalo lina kazi yake. Utomvu na nyama ya papai bichi vina kimeng'enya kinachoyeyusha nyama mfu. Hospitali kuu ya Banjul, Gambia, iliwahi kutumia papai lililopondwa kwa watoto walioungua, na wauguzi wa Jamaika wamelitumia kwa vidonda sugu. Lakini Marekani mwaka 2008 waliamuru dawa za kupaka zenye kimeng'enya hicho, ambazo hazikuwa na kibali, ziondolewe sokoni baada ya watu kupata mzio mkali, wengine shinikizo la damu likashuka ghafla. Kwa hiyo papai liwe kwa kidonda chenye nyama mfu tu, likome pale kidonda kinapokuwa chekundu na safi, na asipakwe kamwe mtu anayewashwa na papai au mpira wa glovu.

Shubiri je? Utomvu wa njano unaotoka chini ya ganda unachoma ngozi. Ute mweupe wa ndani ndio laini. Kwa michubuko na moto mdogo unaleta nafuu. Kwa kidonda kirefu kilicho wazi tuwe waangalifu. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani waliwapaka jeli ya shubiri wanawake ambao vidonda vyao vya upasuaji vilifunguka, wakakuta wamechukua wastani wa siku 83 kupona, na wasiopakwa siku 53.

Mwarobaini na manjano vinaua vijidudu kwenye sahani ya maabara, hilo limeonyeshwa mara nyingi. Ila nyama changa ya kidonda nayo ni hai, na kinachoua kijidudu kinaweza kuiua nayo, kama vile spiriti na iodini kali zinavyofanya. Ndiyo maana simwagi spiriti kwenye kidonda, na naomba msimwage maji ya mwarobaini yaliyochemshwa mpaka yamekuwa meusi. Kuosha ngozi ya pembeni, sawa. Ndani ya kidonda, maji safi ya chumvi yanatosha.

Asali nimeisema. Kwa kidonda kichafu chenye harufu naiona inasaidia, na kwa moto usio wa kina ushahidi wake ni mzuri. Inavuta maji, ina asidi, na inatoa kidogo kidogo dawa inayoua vijidudu. Lakini asali hiyo iwe asali. Ya Tabora ikitoka kwenye mzinga ikachujwa bila kuchemshwa, ni hazina. Ikichanganywa na sukari guru njiani, mnamlisha kidonda sukari. Na asali iliyochemshwa jikoni imepoteza sehemu ya nguvu zake. Ya hospitali huuliwa mbegu za vijidudu kwa mionzi, kitu ambacho nyumbani hatuwezi kukifanya, kwa hiyo asali ya mzinga isiingizwe kwenye kidonda chenye shimo refu.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo linaniuma zaidi ya mengine, nalo ni usafi wa utengenezaji. Nimeona marhamu nzuri ya mti mzuri imefungwa kwenye kopo la rangi. Majani yamechumwa kando ya zizi, yamepondwa yakiwa na udongo, na mganga anachota kwa kidole kile kile kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Pepopunda inaishi kwenye udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mtu aliyekuja na kidonda anaondoka na kifo, na lawama inaangukia mti ambao haukukosa.

Kwa hiyo tafadhali: majani yaoshwe, yakaushwe kivulini mpaka yavunjike, maana maji yakibaki ndani ya mafuta vijidudu vinapata makazi. Yalowekwe kwenye mafuta ya ufuta au nazi kwa moto mdogo, juu ya sufuria ya maji, saa kadhaa, bila kuungua. Chujeni kwa kitambaa kilichochemshwa. Nta ya nyuki iyeyushwe humo, sehemu moja ya nta kwa nne au tano za mafuta, mpaka ishike. Mimineni kwenye chupa za kioo zenye mdomo mpana zilizochemshwa na kukauka kabisa, ndogondogo, kila mgonjwa ya kwake. Andikeni jina la mti, sehemu ya mti, tarehe. Kuchota ni kwa kijiko kilichochemshwa. Na kabla ya kupaka kwenye kidonda, pakeni kidogo ndani ya mkono, ngojeni mpaka kesho yake. Ikiwasha au kutoa malengelenge, dawa hiyo si ya mtu huyo. Miguu yenye damu iliyotuama inapata mzio upesi kuliko miguu mingine, hata kwa vitu visivyo na ubaya.

Majivu, mavi ya ng'ombe, mafuta ya taa, maji ya betri, dawa ya meno: hivyo visikaribie kidonda, kwa hoja yoyote.

Kitu kingine nawaomba ni kupima. Chukueni karatasi ya nailoni inayoonesha, iliyo safi, iwekeni juu ya kidonda, mchore mpaka wake kwa kalamu ya wino mzito, muandike tarehe. Kila wiki rudieni. Baada ya wiki nne, kama kidonda hakijapungua karibu nusu, hamna haja ya kubishana kuhusu mti upi ni bora, dawa hiyo haifanyi kazi au sababu haijashikwa, na mgonjwa apelekwe. Mkiniletea michoro hiyo pamoja na mgonjwa, nitajua zaidi kuhusu marhamu yenu kuliko maneno yoyote. Na mkiwa na marhamu ambayo michoro yake inaonesha vidonda vinapungua wiki hadi wiki, ipelekeni Muhimbili, au kwa wenzetu wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pale Mabibo, Dar es Salaam, ikachunguzwe kwa jina lenu. Msimpe mtu siri yake kwa mdomo barabarani, iandikisheni kwanza.

Siwaombi muache kazi yenu. Nilipoanza kazi hii niliwakuta mkiaminiwa, na nitaondoka mkiaminiwa. Mtu anayeamini anayemtibu huvumilia bandeji, huvumilia kupumzisha mguu, hurudi kliniki. Imani hiyo mnayo ninyi, na mimi bila ninyi napata mgonjwa akiwa amechelewa, daktari wa upasuaji akiwa tayari ameshika karatasi ya kusaini mguu ukatwe.

Kuna wagonjwa ambao hawapaswi kulala nyumbani kwenu hata usiku mmoja. Mwenye homa na wekundu au joto linalopanda kutoka kwenye kidonda. Mwenye kidole cheusi. Mwenye kisukari na mguu uliovimba ghafla, hata kama hauumi. Mwenye taya linalokaza au shingo inayokakamaa. Mwenye mguu mzima uliovimba ghafla na shavu la mguu linalouma. Mtoto mwenye uvimbe usiouma unaokua. Hao, mpeleke mgonjwa wewe mwenyewe ukiweza, umshike mkono mpaka mapokezi, na mwambie muuguzi umempaka nini. Na wauguzi wenzangu mlio hapa, mganga akija na mgonjwa namna hiyo, mpeni kiti.

Kwenye meza ile chini ya mwembe kuna bandeji za krepu, mashine ya kupima sukari, na wenzangu wawili watakaowaonesha mahali pa kutafuta mapigo ya wayo. Mwenye chupa ya marhamu yake ailete tuizungumze mbele ya wote au pembeni, apendavyo. Wazee watangulie. Nakaribisha maswali.